Anti, corona iliisha lakini mimi bado nahesabu vipande vya nyama

Anti shikamoo. Naomba jina langu lisitoke maana mume wangu na wifi zangu wote ni wasomaji wako.

Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Arusha maeneo ya Sakina, nimeajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, naandika risiti na kuangalia stoo. Mume wangu ni dereva wa watalii. Kwa asiyeijua hii kazi, kuna hai sizoni na lo sizoni, yani kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi anaweza kukaa porini wiki mbili hajalala nyumbani, hela inaingia na tipu za dola juu, alafu ikifika mwezi wa nne na wa tano masika yanapiga, kambi nyingi zinafungwa, mtu anashinda kwenye kochi anabadilisha chaneli.

2020 corona ilipoingia ndege zikakata, ofisini kwao wakaambiwa nendeni nyumbani mtaitwa. Hawakuitwa karibu mwaka mzima. Tukabaki na mshahara wangu peke yake, ambao nao ulikatwa nusu. Tukatoka nyumba ya vyumba vitatu tukaingia chumba na sebule, gari letu dogo tukaliuza kwa bei ya kutupa. Hapo ndo nikajifunza kubana. Maharage naloweka usiku ili yasile mkaa. Nyanya naenda soko la Kilombero jioni wanapotaka kufunga, fungu la elfu mbili napewa kwa mia saba. Gunia la mchele nachanga na majirani wawili tunagawana kwa mzani wa dukani kwetu. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo yanaenda chooni. Nguo za watoto ni mitumba ya soko la Krokoni, nachagua mwenyewe kwenye belo likifunguliwa. Friji nazima tukienda kulala nawasha asubuhi. Mafuta ya kukaangia nachuja narudisha kwenye kopo. Nyama nikinunua kilo naikata vipande nahesabu, naweka kwenye vikopo, kila kikopo na siku yake. Viporo havitupwi, wali wa usiku ndo chai ya asubuhi. Dawa ya meno nakata tyubu na mkasi. Wakati ule mume wangu alikuwa ananiita waziri wa fedha, anawasimulia hadi rafiki zake kwamba bila mimi tungerudi kijijini.

Sasa kazi zimerudi Anti, tena zimerudi vizuri, tumehamia nyumba nzima tena. Ila mi siwezi kuacha. Nikiona mtu amemwaga nusu glasi ya maziwa moyo unanienda mbio. Mume wangu kabadilika, akiona vikopo vya nyama kwenye friji anasema "corona iliisha, we bado uko karantini". Mwanzo alikuwa anatania, sa hivi hatanii.

Mambo mawili yamenifanya niandike. La kwanza, mama mkwe alikuja kutoka Rombo kukaa na sisi. Sikumnyima kitu, ila kwenye chai sukari nilikuwa naweka mimi, kijiko kimoja na nusu kila mtu, na nyama vilevile vipande viwili viwili. Alipoondoka tukasikia kwa wifi kwamba mama kasema nyumba ile hata chumvi inapimwa. Mume wangu hakunigombeza, alikaa kimya siku nzima, na mi kimya chake nakiogopa kuliko kelele. Wiki hiyohiyo binti yetu wa darasa la tano karudi analia, maana huwa nachukua kurasa zisizoandikwa kwenye madaftari ya mwaka jana nazishona kwa uzi mgumu nazifunga na kava jipya, wenzake wakamcheka wakamwambia daftari lake limefanyiwa opasheni.

La pili ndo kubwa. Nina milioni 4 na laki 6. Milioni tatu na kitu ni hisa zangu kwenye kikoba cha kina mama wa mtaani, kingine kipo kwenye simu. Mume wangu anajua nina kama laki tano. Sasa kuna rafiki yake anauza gari aina ya Noah, yeye anataka aichukue iwe ya biashara, amepungukiwa milioni tatu na anataka kwenda kwa hawa watu wa kausha damu, wakopeshaji wa riba za kuumiza. Kila siku anaongelea Noah, na mi nimekaa nayo hela ndani. Nikimwambia ninayo, ataninunia kwamba tulikula dagaa huku nina mamilioni. Nikinyamaza anakopa tunakamuliwa. Na nikimpa ikapotea, corona nyingine ikija tutakula nini?

Je Anti, niache haya maisha ya kubana? Na hiyo hela niseme au ninyamaze?

Mbanaji wa Sakina

MAJIBU

Marahaba mwanangu, pole, na hongera pia maana watu wengi waliouza gari mwaka ule mpaka leo hawajasimama. Nimeisoma barua yako usiku nikaisoma tena asubuhi, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani ni barua ya matumizi ya jikoni, mara ya pili nikaona jikoni ni sehemu tu ya hii habari.

Nikikusikia vizuri ni hivi. Ulijifunza kubana wakati wa shida, kubana kukawaokoa, ukasifiwa. Shida ikaondoka, kubana kukabaki, sifa zikageuka lawama. Katikati ya hapo hela imekua mahali ambapo mwenzio haoni, na sasa anakaribia kufanya maamuzi makubwa akiwa hajui nyumba yake ina nini. Kama nimekosea sehemu utanirekebisha.

Kwanza hofu yako nisiichukulie juujuu. Kuna watu watakwambia corona imepita sahau, ila wewe unaishi na kazi ya utalii na unajua inavyoweza kukatika kama uzi. Mwaka 2019 nchi hii iliingiza watalii zaidi ya milioni moja na nusu, 2020 wakashuka mpaka kama laki sita na ishirini. Ni zaidi ya nusu waliyeyuka ndani ya mwaka mmoja, na kila mmoja wao alikuwa na dereva, mpishi, na mtu wa kufua mashuka. 2023 wamevuka milioni 1.8, ndo maana mume wako anaona kama dunia imepona. Nyote wawili mnaangalia kitu kilekile, ye anaangalia namba ya juu we unaangalia ile ya chini, na hakuna aliyekosea kuona. Tena hata bila ugonjwa wowote, kila mwaka mna ile miezi ya masika ya kushinda kwenye kochi. Nyumba ya hivyo lazima iwe na akiba, hapo sina ubishi na wewe.

Ila sasa naomba tuziangalie hizo tabia moja moja, maana umeziweka zote kapu moja na mi naona hazifanani. Kuloweka maharage ni akili, yanaiva haraka na mkaa unabaki. Kugawana gunia na majirani ni akili zaidi, mchele unaisha kabla wadudu hawajaingia, na nyanya za jioni hata mi nazifuata. Kwenye friji hapo nimesita. Friji haivuti umeme muda wote, ikishapoa inajizima yenyewe ndani kwa ndani, we ukiizima usiku kucha asubuhi inaanza upya kuhangaika kushusha joto, kwa hiyo unachookoa ni kidogo sana. Na humohumo ndo kuna vikopo vya nyama, maziwa, na wali wa kiporo. Wali uliopikwa ukikaa kwenye joto la kawaida masaa mengi kuna vijidudu vinatoa sumu ambayo hata ukiupasha moto ukatokota haiondoki, mtoto anaamka anatapika. Hapo umeokoa uniti mbili za LUKU umepeleka elfu kumi na tano zahanati. Wali ukipoa kidogo uingie kwenye friji mapema, na friji iwe inawaka, ndo kiporo kinakuwa chakula. Mafuta nayo, kuchuja mara moja au mbili sawa, yakishakuwa meusi, mazito, yanatoa povu na kunuka, yameshakuwa uchafu hayo hata kama yamejaa kopo.

Kama unatafuta umeme unakoenda angalia pasi na jagi la kuchemshia maji. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima bila kupumzika inakula uniti moja, taa ndogo ya wati 9 inahitaji zaidi ya masaa mia kuifikia hiyo uniti. Nguo za wiki zikipigwa pasi kwa mkupuo mmoja jumapili utaona tofauti, hasa kama mko kwenye ile tarifu ndogo ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato, ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, maana ukivuka hapo bei inaruka. Alafu mmepanga, sivyo? Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, na ile kodi ni ya mwenye nyumba, wapangaji wengi wanailipa mwaka mzima bila kumwambia aipunguze kwenye pango. Umewahi kumuuliza mwenye nyumba wako? Na kwenye simu, ukitoa elfu tano leo elfu kumi kesho kila mara kuna makato, ukitoa mara moja kwa wiki unayapunguza. Mambo haya hayana mtu wa kuona aibu, hayahitaji mama mkwe apimiwe sukari.

Naisema hiyo sukari kwa sababu nadhani pale ndipo palipouma. Mgeni kwetu anawekewa bakuli la sukari mezani ajisevie, hata akiweka vijiko vitatu, na mama wa mtu mzima aliyemlea mumeo kwa ndizi na maziwa ya ng'ombe wake kukuta kijiko kiko mkononi kwa mkwe, atasoma kitu ambacho we hukukiandika. Hukumnyima, nakuamini. Lakini gharama ya ile sukari mwanangu ingefika ngapi? Nusu kilo? Na uliyoipata badala yake ni kimya cha siku nzima na maneno yaliyofika mpaka kwa wifi. Sisemi ukapige magoti Rombo. Pengine akija tena, au mkienda Desemba kama Wachaga wote wanavyopanda, ukamfungashia kilo mbili za sukari na majani ya chai bila hotuba, ataelewa, wazee wanaelewa vitu vya namna hiyo haraka. Na pengine pia hataelewa, kuna wakwe ambao neno lao likishatoka limetoka.

Daftari la binti nalo limenigusa. Kazi yenyewe ni nzuri, karatasi safi kutupwa ni dhambi. Ila darasa la tano ni umri mbaya, mtoto anaanza kujiona kwa macho ya wenzake. Hayo madaftari ya kushona yangeweza kuwa ya nyumbani ya kufanyia mazoezi ya hesabu, la shuleni likawa jipya. Au mkae naye mshone pamoja achague kava, maana kitu alichokitengeneza mwenyewe anaweza kukitetea mbele ya wenzake, aliyopewa bila kuulizwa anaificha. Kidogo naogopa kitu kingine, kwamba asijifunze kwenu kuwa hela ni ya kufichwa na kulia.

Sasa mume. Umeandika anachosema, hujaandika popote kwamba ulimuuliza kwa nini inamuuma. Umedhani anachoka na vikopo. Labda. Mi niliposoma nikawaza mwanaume aliyekaa mwaka mzima nyumbani analishwa na mshahara wa mke uliokatwa nusu, akauza gari lake, akashukuru na kusifia kwa sababu hakuwa na lingine la kutoa. Huyo akifungua friji akaona vikopo vimepangwa kwa siku anaweza akawa anaona ule mwaka bado umekaa mule ndani, na kwamba hata akileta dola vipi, mkewe hajaamini kama ameweza tena. Naweza nikawa nimekosea kabisa, simjui. Ila swali moja tu ungemuuliza usiku mmoja akiwa hana safari, "ukiviona vile vikopo unajisikiaje?", alafu ukanyamaza ukasikiliza. Usijitetee, usimwambie bei ya nyama. Kinachokutisha wewe nacho umwambie, ule moyo kwenda mbio maziwa yakimwagika, maana kama hata sasa mambo yakiwa mazuri mwili wako bado unashtuka hivyo, hilo ni jambo la kumwambia mtu, mumeo au hata daktari au mshauri wa ana kwa ana, wala si la kuonea haya.

Na hela. Unaniuliza useme au unyamaze, nitakwambia ninavyoona kila njia, kuchagua ni kwako.

Ukinyamaza, ya kwako ni ya kwako, na sheria iko upande wako kwa hilo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe, ndoa haiifanyi kuwa ya mume. Lakini kunyamaza huku unamwangalia anatia sahihi kwa watu wa kausha damu kuna bei yake, maana marejesho yatatoka kwenye meza ileile unayoibania. Wale watu wanakutajia riba ya wiki au ya mwezi inaonekana ndogo, usiulize riba, uliza jumla nitarudisha shilingi ngapi na nikichelewa wiki moja inakuwa ngapi, na kama wana leseni inayotokana na Benki Kuu wakuonyeshe. Na siri za vikoba mwanangu hazikai. Wenzako wa kikundi wana waume, waume wana vijiwe.

Ukisema yote, kuna siku utanuniwa, labda wiki. Atasema tulikula dagaa una mamilioni, na hapo ukimjibu kwa hesabu mtagombana, ukimjibu kwa woga wako pengine atakusikia. Kuna hatari ya pili ambayo ndo unaiogopa zaidi nahisi, kwamba ikishajulikana ipo itakuwa ni ya Noah tayari. Hapa kumbuka hisa za kikoba hazipo kwenye droo, nyingi ziko mikononi mwa wanachama waliokopa, kutoka kabla ya kuvunja kuna utaratibu wenu kwenye katiba ya kikundi, isome tena. Na angalia kama kikundi kimesajiliwa halmashauri, kuanzia ile sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 vikundi vinatakiwa kusajiliwa, milioni tatu ni nyingi kukaa kwenye kikundi ambacho kikisambaratika huna pa kwenda.

Kuna njia ya katikati wengine wanaitumia, kumwambia kiasi chote kilipo lakini kwa pamoja mkakubaliana sehemu isiyoguswa, tuseme chakula na pango la miezi ile ya masika, na kinachozidi ndo kiongelewe. Ubaya wake ni kwamba inahitaji mume anayeweza kusikia neno hapana bila kuona amedharauliwa, na hilo wewe ndo unalijua. Wengine wanasema sehemu tu, wanaficha kidogo ya dharura. Siwalaumu, nimeona wanawake waliookolewa na ile kidogo. Nimeona pia ndoa iliyovunjika kwa ile kidogo.

Kabla ya yote hayo lakini, hiyo Noah mmeifanyia hesabu? Maana kwenye barua yako umeipinga kwa woga na ye anaitaka kwa hamu, hakuna aliyekaa na karatasi. Hai sizoni yuko Serengeti, nani ataendesha? Ni deiwaka, yani dereva wa kulipwa kwa siku, na deiwaka analeta hesabu ya siku anayoitaka yeye. Kuna bima, leseni ya LATRA wale wa usafiri wa ardhini, tairi, na ile Noah rafiki anaiuza kwa nini? Fundi wa kwenu ambaye hamjuani na muuzaji ameikagua? Inawezekana kabisa ikawa biashara nzuri, hasa kwa ile miezi anayokaa bure yeye mwenyewe akishika usukani. Wewe unayegawa gunia kwa mzani ndo mtu sahihi wa kuikalia hiyo karatasi, na nadhani mume aliyewahi kukuita waziri wa fedha bado anakumbuka kwa nini. Kama hela yako itaingia kwenye gari, ongeleeni kadi inaandikwa majina ya nani. Mali ikiwa kwa majina yote mawili sheria inaanza kwa kuchukulia mna sehemu sawa, labda mtu athibitishe vingine. Na tangu ile kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa, kwa hiyo hata maharage yako ya kuloweka yana nafasi yake. Hilo si la kumtishia mtu, ni la wewe kujua umesimama wapi unapoongea.

Kuhusu kuacha kubana, sioni kama unaulizwa uache yote au ubaki na yote. Kuna vya kubaki navyo mpaka uzeeni, kuna ambavyo havikuokolei chochote, na kuna vile ambavyo vilikuwa sawa kwenye chumba na sebule na sasa vinawaumiza watu. Kipi kiwe kundi gani, kaeni wote mezani mpange, hata binti awemo.

Mwanangu, kama fomu ya hao wakopeshaji bado hajaisaini una muda wa kutafuta siku nzuri ya kuongea. Kama ameshasaini niandikie tena haraka uniambie masharti yaliyoandikwa mle, maana hapo ushauri unabadilika.